Kizingiti hakikaliwi

Juma moja la mwezi uliopita lilinikuta nikisahihisha habari ya mwandishi wetu chipukizi kuhusu mkutano wa wakulima. Habari yenyewe haikuzidi aya 10, lakini neno "vizingiti" lilitokea ndani yake mara 6. Palikuwa na vizingiti vya masoko, vizingiti vya mikopo, vizingiti vya pembejeo, na mwishoni kizingiti kimoja kikubwa ambacho, kwa mujibu wa mwandishi, hakina budi kuondolewa mara moja. Nilishika kalamu nifute baadhi yake, kisha nikasita. Mimi mwenyewe nimekwisha kuandika hivyo mara nyingi, wala sikumbuki hata siku moja kujiuliza ni nani mwenye akili timamu aondoaye kizingiti katika nyumba yake. Akikiondoa, miimo ya mlango hulegea, maji ya mvua hupata njia, na mchanga wa nje hulala kitandani.

Kizingiti, kwa wale waliokulia katika nyumba za saruji ambazo sakafu yake ni sawa tangu mbele hadi uani, ni ule mti, au jiwe, au siku hizi tofali, unaolala chini ya mlango baina ya miimo miwili, ambao mtu hana budi kuuvuka aingiapo na atokapo. Kipo pia cha juu, na ndiyo sababu wazee hutofautisha kizingiti cha juu na kizingiti cha chini. Katika milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, kile cha juu ndicho kilichopewa fahari. Hapo ndipo fundi alipochonga maua yake, na pengine aya ya Kurani au mwaka wa ujenzi. Cha chini aghalabu hakikuchongwa kitu. Kazi yake ilikuwa kukanyagwa.

Nyumba ya bibi mzaa mama, huko Pangani, ilikuwa na kizingiti cha mti mgumu sana ambao jina lake sikupata kuliuliza. Katikati kilikuwa kimelika kwa nyayo za watu wa vizazi vitatu, hata pakafanyika bonde dogo ambalo sisi watoto tuliamini kuwa limetengenezwa mahususi kwa ajili ya kukalia. Mahali pale palikuwa na kila jema: upepo wa uani ulipita hapo, kivuli kilikuwapo hadi adhuhuri, na aliyekaa hapo aliweza kuona kila mtu apitaye njiani. Lakini kila tulipojaribu kukaa, sauti ya bibi ilitoka ndani: "Mjukuu wangu, ondoka mlangoni. Kizingiti hakikaliwi." Tulipomwuliza sababu alitupa nyingi, na kila siku ilikuwa nyingine. Mara akaaye mlangoni huzuia riziki isiingie. Mara mwanamke mwenye mimba akikaa hapo atapata taabu ya kujifungua. Mara nyoka hupenda kulala chini ya mti huo.

Nilipokuwa chuo kikuu nilizihesabu sababu hizo zote kuwa ushirikina, na nikazifanyia mzaha mbele ya wenzangu. Leo naona kwamba bibi alikuwa akitueleza, kwa lugha iwafaayo watoto, kanuni moja ya maisha ya pamoja. Chumbani ni pa mwenye chumba, jikoni ni pa mpishi, njiani ni pa watu wote. Kizingitini ni pa yule anayepita, kwa kadiri ya muda wa kupita kwake tu. Hapana mtu mwingine mwenye haki ya mahali hapo, hata mwenye nyumba.

Na hapo hapo ndipo ilipowekwa ile adabu yetu ya kubisha hodi. Mgeni husimama nje ya kizingiti. Hodi ya kwanza ni ya kuwajulisha waliomo. Ya pili ni ya kuwapa nafasi ya kujisitiri na kuondoa vyombo njiani. Ya tatu ni kama ya kuaga, maana asipojibiwa huondoka zake bila kinyongo. Wazee wa mwambao waliipokea adabu hiyo pamoja na Uislamu, ambao humtaka mgeni aombe idhini mara tatu, lakini leo hii Mnyakyusa na Mkurya, Mwislamu na Mkristo, wote hubisha hodi. Jibu lake ni neno moja: karibu. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni "si mbali". Tunalitumia bado kwa maana hiyo tusemapo kwamba shule ipo karibu na zahanati. Kwa hiyo mwenyeji asemapo "karibu" haamuru mtu aingie. Anamwarifu kwamba umbali uliokuwapo baina yao umekwisha. Nadhani ni lugha chache ambazo zimefanya jambo kubwa namna hiyo kwa neno la kila siku namna hiyo.

Si sisi peke yetu tulioutumia mlango kwa kutengenezea lugha. Waingereza wanalo neno lao la kidato cha mlangoni, na wamelifanya pia kuwa kitenzi: mwandishi wa habari akimvizia mtu mashuhuri nyumbani kwake ili amwulize maswali kabla hajaingia ndani ya gari, husemwa kwamba "amemkizingitisha", kama tungeweza kuthubutu kusema hivyo kwa Kiswahili. Kipande kinene cha mkate nacho hukiita kwa neno hilo hilo, nadhani kwa sababu ya unene wake. Na wanasiasa wao hutangaza ushindi, na vilevile kujiuzulu, wakiwa wamesimama mbele ya mlango wa nyumba namba 10, mtaa wa Downing, London. Nataja haya kwa kupita tu, ili ijulikane kwamba kila taifa limechota maneno katika nyumba yake. La kutazamwa ni kila taifa limeyafanyia nini maneno hayo baada ya kuyachota.

Sisi tumechota maneno kadha mbele ya nyumba zetu. La kwanza ni mlango wenyewe. Watu wa mwambao wakitaka kumjua mtu asili yake huuliza ni wa mlango gani, yaani ukoo upi. Vitabu vyetu vya zamani viligawanywa kwa milango kabla ya kugawanywa kwa sura. Mkondo wa maji baina ya nchi na nchi tunauita mlango wa bahari. Hilo ni neno lililopata heshima, na halina malalamiko.

La pili ni baraza, ambalo safari yake ni ya ajabu kuliko zote. Baraza kwa asili si kitu kikubwa: ni kile kiinuko cha udongo au cha mawe na chokaa, mbele ya nyumba, kando ya mlango, ambapo wenyeji na wapita njia huketi jioni. Hapo hunywewa kahawa, huchezwa bao, huulizwa habari za waliosafiri, husuluhishwa mtu na jirani yake aliyemfungia mbuzi. Mtu hahitaji hodi ili kukaa barazani, salamu yatosha. Kwa kuwa mazungumzo ya maana yalifanyika hapo, jina la kiti likawa jina la kikao, na jina la kikao likawa jina la chombo cha utawala. Leo tunalo Baraza la Mawaziri. Tunalo Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya 1973, ambalo walimu wetu hawahitaji kukumbushwa. Wenzetu wa Zanzibar wanalo Baraza la Wawakilishi tangu 1980. Tunayo mabaraza ya madiwani, na mabaraza ya kata yaliyowekwa kwa sheria ya 1985. Chombo kilichokabidhiwa kukilinda Kiswahili chenyewe, kilichoundwa mwaka 1967, ni baraza. Hata wakubwa wa dunia, wakikutana New York kuamua juu ya vita na amani, sisi husema wamekutana katika Baraza la Usalama. Kile kiinuko cha udongo kilichopakwa chokaa kimefika mbali.

Hali kadhalika ukumbi. Katika nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ile ya vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi ni ule ujia wa katikati unaoanzia mlangoni na kwenda uani, ambamo watoto hulala mchana na mikeka hukunjwa ukutani. Lakini Bunge letu lilikaa miaka mingi katika Ukumbi wa Karimjee, na mimi mwenyewe nilifanyia mitihani yangu katika Ukumbi wa Nkrumah, pale Mlimani.

Basi maneno haya yametoka mahali pamoja. Mtu akisimama mbele ya nyumba ile ile ataviona vyote kwa mtazamo mmoja: baraza kando yake, kizingiti miguuni pake, ukumbi mbele yake. Baraza limepanda likawa serikali. Ukumbi umepanda ukawa jengo la taifa. Kizingiti, kilichomo katikati yao, kimekuwa jina la kila kinachotukera. Kwa nini?

Ningependa kusema kwamba ni makosa ya waandishi peke yao, maana hapo ningeweza kuyamaliza kwa kalamu nyekundu. Wala sitawasingizia makarani kwamba wao ndio walioliharibu neno. Kamusi za zamani zinataja pia kizingiti cha majini, yaani kizuizi cha asili kama vile fungu la mchanga katika mdomo wa mto. Kwa hiyo maana ya kuzuia ilikuwamo ndani ya neno hili kabla ya ofisi ya kwanza kujengwa. Na kwa kweli kizingiti huzuia. Nendeni katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, msimu wa masika. Watu waliojenga pale wameinua vizingiti vyao kwa matofali na saruji, vingine hadi kufikia goti la mtu mzima, na mama akirudi sokoni na ndoo kichwani huinua mguu kama anayepanda farasi. Kizingiti kile kimejengwa kwa makusudi ya kuzuia, na pasipo hicho godoro na madaftari ya watoto yangekwisha kuchukuliwa na maji.

Lakini angalieni kinazuia nini. Kinazuia maji. Jirani akija na kubisha hodi, aliyemo ndani humpa mkono ili avuke. Kizingiti cha nyumbani kinajua kutofautisha maji na mgeni, kwa sababu nyuma yake yupo mtu anayejibu. Tukisema kwamba ofisi zetu zina vizingiti, tunazipa sifa ambayo nyingine hazinayo. Mlango ambao mtu akibisha hodi hajibiwi, au hujibiwa "subiri" badala ya "karibu", hauna kizingiti. Una ukuta uliochorwa mlango.

Nitaeleza nililoliona. Mapema mwaka huu nilikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja wala kutaja wilaya yake, kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Nilifika saa 2:30 asubuhi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, na mbele ya mlango kidato kimoja cha saruji. Baraza halikuwapo, wala benchi, wala mti. Tulikuwa watu kama ishirini, tumesimama katika kile kivuli chembamba cha ukuta ambacho hupungua kadiri jua linavyopanda. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja aliyevaa kanzu safi na koti, mwenye bahasha ya kaki kwapani. Tulipoamkiana niligundua kwamba ni mwalimu mstaafu. Alikuwa amefundisha miaka 34, na miongoni mwa wanafunzi wake, aliniambia bila majivuno, walikuwamo wakuu wa wilaya wawili. Shida yake ilikuwa kwamba jina lake la kati, katika hati moja, limepungukiwa na herufi moja, na kwa ajili ya herufi hiyo malipo yake ya uzeeni yalikuwa yamesimama.

Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya kile kidato, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Hodi." Hakujibiwa. Akabisha tena, na tena, kwa sauti ile ile. Baada ya hodi ya tatu niliona mwili wake ukigeuka kidogo, kama mtu anayetaka kuondoka, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa. Kisha akakumbuka kwamba pale si nyumbani kwa mtu, akageuka tena. Kijana aliyekuwa ndani aliinua macho na kusema, "Mzee, subiri nje." Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililonichoma: alisema kama mtu anayeifahamu kazi yake.

Baadaye, mchana, nilimkuta kijana huyo kwa mama ntilie akinywa chai, nikamweleza kazi yangu na nikamwuliza. Sikumkuta mtu mwenye kiburi. Aliniambia kwamba chumba kile kilipangiwa watumishi watatu, na kwa miezi mingi amekuwa peke yake. Kwamba orodha ya viambatisho hakuitunga yeye, na ilipoongezwa hakuna aliyemwuliza. Kwamba akipokea fomu yenye upungufu hata wa sahihi moja, hurudishiwa kwa barua ya kumkaripia, na nakala ya barua hiyo huwekwa katika jalada lake. "Kaka," aliniambia, "mimi nikimwambia mtu karibu, nimpe nini akishaingia?" Swali hilo sikuweza kulijibu pale pale, na sina hakika kama naweza kulijibu sasa. Walioinua kile kizingiti ni watu wasiopita pale. Wao huingia ofisini kwao kwa gari, mlango hufunguliwa kabla hawajaufikia, na huenda mara ya mwisho waliyobisha hodi ni siku ya posa.

Hata hivyo sikubaliani naye katika jambo moja. Neno "karibu" halihitaji watumishi watatu. Halihitaji fungu la bajeti. Mzee yule angeambiwa "Karibu mwalimu, nina watu wawili mbele yako, na nionyeshe kwanza karatasi zako nisije nikakupotezea siku", saa yake ya kuondoka ingekuwa nyingine kabisa, kama nitakavyoeleza.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii imepitwa na wakati, kwa kuwa huduma zimehamia mtandaoni na mwananchi hahitaji tena kusimama mlangoni pa mtu. Nakubali kwamba mengi yamerahisika. Lakini nendeni katika mji wowote mdogo mkatazame lilipo duka la steshenari. Mbele yake lipo benchi, na juu ya benchi wamekaa watu wenye bahasha. Ndani yupo kijana mwenye kompyuta ambaye huwajazia fomu za maombi ya ajira, za mikopo ya elimu ya juu, za namba ya mlipa kodi, kwa malipo ya kila ukurasa. Mtandao ukisumbua, naye husema njoo kesho, sawasawa na karani. Tena yeye anazo nywila za watu wengi wa kata ile, zimeandikwa kwa kalamu katika daftari la mistari, na daftari hilo hukaa juu ya meza. Huko ndiko kizingiti kilikohamia. Hodi imekuwa nywila, na mwenye kuijua si yule anayebisha. Tofauti moja tu nimeiona iliyo njema: mwenye duka ameweka benchi. Mfanyabiashara amekumbuka baraza ambalo mchoraji wa ramani ya ofisi ya umma alilisahau.

Na mahali ambapo mlango wa mbele haujibu, watu hujifunza mlango wa uani. Haya hayahitaji maelezo marefu kwa wasomaji wa ukurasa huu. Anayepita uani hupita na kitu mkononi, na methali yetu kwamba mkono mtupu haulambwi imetumiwa sana huko kuliko katika darasa lolote la fasihi. Tunawashutumu watoaji na wapokeaji, na ni haki tuwashutumu. Ila sijaona mtu anayezunguka nyumba kwenda uani, akakanyaga maji ya vyombo na kuwaamsha kuku, ikiwa aliitikiwa alipobisha mlango wa mbele.

Ndugu zangu walimu wasidhani kwamba nimewasahau. Mlango wa darasa nao una kizingiti, na wote tumepata kusimama hapo. Nilipokuwa darasa la tano nilichelewa siku moja kwa sababu ambayo haikuwa ya uongo: mvua ilikuwa imejaza kijito. Nilibisha hodi. Mwalimu, ambaye simtaji, alinitazama, akageukia ubao, akaendelea. Nilisimama pale mlangoni vipindi viwili, si ndani si nje, nguo zikinikaukia mwilini. Somo lilikuwa ngeli za nomino. Nililisikia lote, na hadi leo nalijua vizuri, kwa hiyo huenda mtu akasema adhabu ile ilinifaa. Lakini lipo jambo jingine nililojifunza siku ile ambalo halikuwamo katika muhtasari wa masomo: kwamba mtu aliyeko ndani anaweza kumwacha aliyeko nje asimame kadiri apendavyo, wala asiulizwe na mtu. Je, wale vijana wa kaunta, wanaosema "subiri nje" bila ukali wowote, walijifunzia wapi?

Ilikuwapo miaka ambayo taifa hili lilifanya mambo yake mlangoni. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa hayakungoja majengo; watu walisoma chini ya miembe na barazani, na bibi huyo niliyemtaja alijifunza kuandika jina lake akiwa na umri wa kuitwa bibi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, vikundi vya kusikiliza redio vilikutana kijiji kwa kijiji, na walioshiriki walikadiriwa kufikia milioni 2. Sisemi kwamba kila jambo la miaka ile lilikwenda vizuri. Wapo waliohamishwa nyumba zao kwa jina la kusogezewa huduma, na baadhi yao waliacha nyuma milango ambayo hawakuiona tena. Nasema tu kwamba mtumishi aliyetumwa wakati ule na ubao na chaki ndiye aliyebisha hodi, na mwananchi ndiye aliyejibu karibu. Wanaojua kusimama pande zote mbili za mlango ni wachache zaidi leo.

Kuhusu ile habari ya wakulima, nilibadili vizingiti vitano. Viwili nilivifanya vikwazo, kimoja pingamizi, kimoja upungufu, na kimoja nilikifuta kabisa kwa kuwa hakikuwa na kazi. Nilikiacha cha sita, ambacho kilihusu ghala lililojengwa bila kizingiti hata mahindi yakalowana. Mwandishi wetu chipukizi alinuna siku mbili.

Yule mzee aliambiwa asubiri, naye akasubiri. Saa 5 kivuli cha ukuta kilikwisha. Alitazama huku na huku, akakunja pindo la kanzu yake, akakaa juu ya kile kidato cha mlangoni, pale pale pasipokaliwa, akiwa ameikumbatia bahasha yake. Nilitaka kumwambia, maana sauti ya bibi ilinijia masikioni, lakini hapakuwa na mahali pengine pa kumwonyesha. Waliotoka na kuingia walimruka. Aliitwa saa 9 na robo, robo saa kabla ya kufunga. Kijana alifungua bahasha, akatazama karatasi moja baada ya nyingine, zote zilikuwa sawa, hata akafika kwenye picha mbili ndogo, akazirudisha juu ya meza. Zilipigwa penye ukuta mweupe, na kwa mujibu wa maelekezo ilitakiwa rangi ya buluu. Mzee alishukuru. Nje nilimwuliza kama atawahi gari la kwao. Alisema la mwisho huondoka saa 8.